Magari ya Chama na Kasoro za Umeme katika Mitambo ya Moshi



Tumepewa heshima ya kusema machache katika sherehe hii ya miaka kumi, nasi tumechagua jambo lisilo na ngoma wala nderemo: taa ndogo ya manjano iwakayo mbele ya dereva. Kwa ajili ya taa hiyo mchicha na matembele ya Kinyerezi yamewahi kunyauka juu ya lori, yakafika Mabibo wanunuzi wamekwisha kwenda zao.

Malori yetu mengi yalikwisha kutumika Japani kabla ya kuja kwetu. Tangu Oktoba 1, 2003, mji wa Tokyo ulikataza magari ya dizeli yasiyofikia kipimo cha masizi. Basi si ajabu kwamba Canter na Isuzu za miaka ya baadaye huja na chujio la masizi ndani ya ekzosi. Masizi yakijaa, kompyuta ya injini huamuru yachomwe kwa joto la nyuzi 600 hivi. Lakini kompyuta haina macho. Hutegemea vihisi, ambavyo mafundi huviita sensa: kimoja hupima joto, kingine hupima tofauti ya mkandamizo wa moshi kabla ya chujio na baada yake. Habari zikifika zimeharibika, kompyuta haichomi masizi. Hupunguza nguvu za injini, nalo lori likapanda kilima kwa mwendo wa mkokoteni.

Lori letu moja lilipatwa na hayo. Gereji ya kwanza ilisoma kosa la sensa ya mkandamizo, ikatutajia bei ya sensa mpya. Gereji ya pili ilitaka kukata ekzosi na kulitoa chujio lote, eti gari lipumue. Shauri hilo hatukulipenda hata kidogo. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani kwa binadamu, na lori letu hupita kila asubuhi mbele ya watoto waendao shule.

Kabla ya kulipa senti, tulimwuliza dereva, ambaye hata siku ile hapana fundi aliyemwuliza neno. Alisema kwamba kosa likifutwa kwa mashine, lori huweza kutembea siku nzima juu ya lami bila taa kuwaka. Likiingia kwenye mashimo, taa hurudi papo hapo. Sensa iliyokufa haichagui barabara.

Akaitwa fundi umeme na mita yake. Plagi ya sensa hiyo ina nyaya tatu: mmoja huleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili ni ethi, wa tatu hupeleka habari. (Betri za lori hili ni mbili, jumla volti 24. Mtu asithubutu kuzipeleka volti hizo kwenye plagi ile kwa waya wa kujaribia, maana aweza kuiunguza kompyuta.) Swichi ilipofunguliwa, mita ilionyesha volti 5 kamili. Fundi akalishika fungu la nyaya, akalitingisha polepole kuanzia kwenye plagi. Alipofika nyuma ya gia boksi, namba ikaanguka hadi sifuri, kisha ikapanda tena. Kibanio kilikuwa kimekatika, na chuma cha fremu kimeula mpira wa waya hata shaba ikaonekana.

Waya ukaunganishwa kwa lehemu, ukavikwa mpira mpya, ukafungwa mbali na chuma. Kosa likafutwa, masizi yakachomwa kwa amri ya mashine, lori likiwa limesimamishwa juu ya udongo mtupu, mbali na majani makavu, kwa kuwa ekzosi huwa ya moto mno saa hiyo. Sensa ni ile ile ya zamani.

Basi twaiomba Halmashauri iruhusu kila chama cha msingi chenye lori kununua mita moja, na daftari ambamo dereva ataandika siku, mahali na hali ya barabara kila taa iwakapo. Daftari la lori tulilolitaja liko mezani kwa Katibu, na mwanachama ye yote aweza kulisoma.