Kuna Anayekuhitaji

MTANGAZAJI: 

Mkimbizi huzoea kupokea: mgao, blanketi, namba ya foleni. Polepole unaanza kujiona huna cha kumpa mtu. Hapo ndipo kujiamini kunapopotea.

Sasa sikiliza. Francis Okello Oloya, wa kaskazini mwa Uganda, alipofushwa na bomu akiwa na miaka 12. Huko shuleni, mbwa ndio waliomsindikiza chooni usiku. Alipokua, akaanzisha mradi mjini Gulu: walionusurika vita wanapewa mbwa, wanawatunza na kuwafunza wao wenyewe. Mbwa haulizi ulikimbia nini. Anangoja umlishe.

Huna mbwa? Hapa Kampala tunakula matoke, na maganda yake huliwa na mbuzi na ng'ombe. Nawe ukimenya ndizi leo, maganda mpelekee mbuzi, hata kama ni wa jirani. Fanya hivyo kesho, na keshokutwa. Siku moja atakuona kwa mbali, aje mbio mwenyewe. Hapo utajua: mikono hii bado inatoa.

Tukutane wiki ijayo.