Mficha Maradhi Kilio Humwumbua



Mmeniomba niseme machache kuhusu kusini mwa Thailand, mpakani na Malaysia. Katika mikoa ya Pattani, Yala na Narathiwat wakazi wengi ni Waislamu wasemao Kimalei, ndani ya nchi yenye Wabudha wengi. Tangu mwaka 2004 machafuko ya huko yameua watu zaidi ya 7,000, Waislamu na Wabudha pia. Kwa hiyo tusiseme ni ugomvi wa dini tu. Kuna suala la lugha na la haki.

Mwaka 2006 tume ya maridhiano ilipendekeza Kimalei kitumike katika ofisi za serikali za huko. Pendekezo hilo halikukubaliwa.

Tarehe 25 Oktoba 2004, huko Tak Bai, waandamanaji walikamatwa na kurundikwa katika malori ya jeshi. Watu 78 walikufa humo. Miaka 20 baadaye muda wa kisheria wa kesi uliisha, na hakuna mshtakiwa hata mmoja aliyekuwa amefika mahakamani.

Mazungumzo rasmi na waasi wa BRN yalianza mwaka 2013, Malaysia ikiyawezesha. Ni hatua njema. Lakini mama aliyefiwa anahitaji mahali pa kuuliza kwa lugha yake, na mtu wa kumjibu.

Basi, tunapoandaa au kuchangia mikutano ya maridhiano, tusihesabu waliohudhuria tu. Tuulize: nani aliruhusiwa kusema, na nani alijibu?