Mawe Yasiyo na Majina: Mahali pa Kale Kandokando ya Tukuyu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimeombwa niseme habari za mahali pa kale palipo karibu nasi. Sitawapeleka mbali. Mtu mwenye miguu mizima na mwamvuli aweza kupazuru pote kwa siku chache. Na mwamvuli nautaja kwa makusudi, maana mvua ya Tukuyu haimngoji mgeni.

Tuanze mjini. Wadachi waliuita mji huu Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya, kwa sababu Langenburg ya kwanza ilikuwa kando ya Ziwa Nyasa. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Kiingereza chini ya Jemadari Northey yaliuingia, na jina lile likafa. Ukishuka mpaka Masoko, juu ya ziwa dogo lililo katika shimo la volkano, utaona jengo la mawe. Hapo ilikaa Kompania ya Tano ya askari wa Kidachi. Baadaye jengo likawa mahakama. Watu husimulia habari za fedha zilizotupwa ziwani wakati wa vita. Lakini uliza ni nani waliochonga mawe yale na kuyapandisha ukutani, nawe utajibiwa kwa kimya.

Sasa twende Rungwe, chini ya mlima. Mwaka 1891 walifika wamisionari wa Moravian, na Theodor Meyer akaanzisha misheni pale. Mwenzao mmoja, Georg Martin, alifariki mwaka uo huo. Mwaka huo pia walikuja watu wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakajenga upande wao, na baadaye Manow na Mwakaleli. Majina ya wageni hawa yamo vitabuni, nayo yanastahili. Lakini vita ilipokuja, wamisionari wa Kidachi walichukuliwa, na hawakurudi hata ilipofika katikati ya miaka ya 1920. Waskoti wa Livingstonia waliziangalia misheni zile, lakini walikuwa wachache sana. Basi Jumapili kwa Jumapili ni nani aliyesimama mbele ya watu? Ni nani aliyefundisha watoto na kuzika wafu? Walikuwa waalimu na wazee wa kanisa, wenyeji wa vijiji hivi. Ni wangapi kati yetu wawezao kutaja majina matano tu?

Mahali pa tatu sitapataja pasipo kuomba radhi kwa ndugu ambao kanisa lao halipendi kusikia neno pombe. Wanyakyusa wana neno ukwangala, maana yake kukaa pamoja kwa mazungumzo mema. Zamani wanaume wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, wakazungumza wakizunguka chungu cha kimpumu, pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake. Hapo ndipo nasaba zilipohesabiwa na mipaka ya mashamba ilipokumbukwa. Hata habari za Lubaga, msitu wa matambiko ya Lwembe, hutazipata kwa kuitazama miti. Utazipata kwa mzee aliyeketi na wazee.

Huko Uingereza mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia iwe na daftari la ubatizo, la ndoa na la maziko. Kwa ajili ya daftari hizo, mkulima wa kijiji kidogo aweza leo kujua babu yake alizikwa lini. Hakuwa na babu bora kuliko wetu. Alikuwa na karani.

Na sisi ni makarani. Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, alikwenda Uingereza mwaka 1931, akaandika kitabu cha mambo aliyoyaona. Na hapa Unyakyusa, mabwana wataalamu Godfrey na Monica Wilson walipochunguza desturi katika miaka ya 1930, walisaidiwa na karani Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo. Kalamu yetu basi si ya mafaili tu.

Nami niungame kosa langu. Palikuwa na mzee mmoja ambaye baba yake alikuwa mwalimu wa kanisa siku zile za vita. Nilikusudia kumwendea, nikaahirisha mara mbili kwa ajili ya kazi za ofisi. Nilipokwenda nikakuta matanga. Nilikaa na wafiwa, daftari tupu mfukoni, nikaona haya kulitoa.

Aliyekuwa kijana mwaka 1916 hayupo tena. Aliyebaki ni mtoto wake, naye ni mzee. Kwa hiyo naomba kila mwanachama anunue daftari moja, amwendee mzee mmoja kabla ya mkutano wetu ujao, aandike jina la aliyejenga, la aliyefundisha na la aliyelinda, pamoja na kijiji chake na jina la msimulizi. Asiandike asilolisikia. Tukirudi na kurasa mbili mbili, tutakuwa tumeanza daftari letu.