Mtini Uani



Jina la tini tunalijua tangu chuoni, kwa ile sura ya Wattini. Lakini mti wenyewe wengi wetu hatujaupanda. Leo tuzungumze habari zake.

Mtini ni jamaa wa mkuyu. Ukivunja tawi hutoka maziwa. Hata Omani, kwenye Jebel Akhdar, hupandwa. Kule New York, Marekani, wako watu wenye asili ya Italia ambao baridi ikifika huufunga mti kwa magunia, usife. Sisi baridi hiyo hatuna. Tunalo jiwe, upepo wa chumvi na kunguru.

Jiwe halina tabu. Maweni yetu ni chokaa, na mtini huivumilia vizuri. Tafuta shimo katika jiwe, nyuma ya nyumba, penye jua lakini pasipopigwa na upepo wa bahari. Tia udongo na samadi kuukuu. Funika juu kwa makumbi, maji yasikauke upesi.

Mbegu ya nini? Omba kijiti kwa mwenye mtini unaozaa hapa hapa Unguja, maana iko mitini ambayo haiivishi bila kijidudu chake maalumu. Kiwe kinene kama kidole gumba, kirefu kama shibiri. Maziwa yakishakauka, kichomeke koponi. Masika yakianza, kihamishe. Jamaa wa Omani asikutilie kijiti ndani ya begi kwa siri. Maradhi ya miti husafiri hivyo. Wakaguzi wa mimea wakione kwanza.

Mwaka wa kwanza mti utataka maji, na wachotaji wa maji ni kina mama. Kwa hiyo sisi tunasema panda mmoja, usipande kumi. Mwaka wa pili au wa tatu utauona unazaa. Masika majani hupata kutu yakaanguka; yaokote uyachome.

Sasa kuvuna. Ndizi tumezoea kuikata mbichi, tukaifukia ikaiva. Tini haikubali hivyo. Ukiichuma ngumu haitaiva nyumbani, na maziwa yake yatamwasha mtoto mdomo. Ingoje mtini mpaka shingo ilegee, tunda liiname, ngozi iwe laini.

Kunguru naye anangoja siku hiyo hiyo! Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, ati wasafishe taka. Basi mtu kwa kuwaogopa huchuma mapema, akapata hasara yeye na kunguru pia. Funika mti. Uroa nyavu kuukuu hazikosekani. Chagua wa matundu madogo, uukaze vizuri, ndege asinaswe.

Chuma asubuhi, pamoja na kikonyo, mikono umeipaka mafuta. Tini mbichi hazikai zaidi ya siku mbili tatu. Za kwanza wape watoto. Zikizidi, kawaulize wapishi wa hoteli, na bei mpatane kabla hujachuma.