Tuzo ya Usalama Kazini Apewe Nani?



Kila tarehe 28 Aprili dunia huadhimisha Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambayo Shirika la Kazi Duniani lilianza kuiadhimisha mwaka 2003. Hapa Tanzania siku hiyo ina shamrashamra zake: mabanda ya maonyesho, maandamano yenye mabango, na mwishoni ngao na vyeti kwa mahali pa kazi palipofanya vizuri. Ni desturi njema. Mfanyakazi hodari wa Mei Mosi husifiwa kwa alichozalisha. Ni haki kwamba siku tatu kabla yake asifiwe yule aliyehakikisha wenzake wanarudi nyumbani na vidole vyote kumi.

Lakini halina budi kuulizwa swali moja: huko kufanya vizuri hupimwa kwa kipimo gani?

Jibu jepesi, nalo hupendwa na mameneja wengi duniani, ni kufungua daftari la ajali na kuhesabu. Penye ajali chache pashinde. Ubaya wa jibu hilo ulidhihirika usiku wa tarehe 20 Aprili 2010 katika Ghuba ya Mexico. Mtambo wa kuchimbia mafuta baharini uitwao Deepwater Horizon, mali ya kampuni ya Transocean, ulikuwa umekodiwa na BP. Ulikuwa umetimiza miaka saba bila ajali ya kumfanya mfanyakazi ashindwe kwenda kazini. Wakubwa wa kampuni zote mbili walifika mtamboni siku ileile, na kuipongeza rekodi hiyo kulikuwa sehemu ya ziara yao. Saa chache baadaye gesi ilipanda kutoka kisimani, ikawaka, na wafanyakazi 11 wakafa.

Hakuna aliyedanganya kuhusu miaka ile saba. Daftari lilihesabu walioteleza, waliobanwa mikono, walioanguka ngazini. Halikuhesabu jaribio la shinikizo la kisima lililosomwa vibaya siku ile, wala hofu iliyokuwamo vifuani mwa watu. Uchunguzi ulioagizwa na Transocean yenyewe, wiki chache tu kabla ya mlipuko, ulikuta baadhi ya wafanyakazi wakiogopa kuadhibiwa endapo wangeripoti kasoro.

Kisha likaja la kustaajabisha zaidi. Mwaka 2011 kampuni hiyo iliwaarifu wenye hisa kwamba, kwa vipimo vyake, 2010 ulikuwa mwaka bora kabisa wa usalama katika historia yake, na wakuu wake wakapewa bonasi kwa ajili hiyo. Watu walipopiga kelele, wakuu hao walitangaza kuzitoa fedha hizo kwa mfuko wa familia za marehemu. Ubepari una vituko vyake, hilo lajulikana. Ila ndugu msidhani kituko hiki humea kwa mabepari peke yao. Humea popote ukimya unapopewa zawadi.

Chukulieni shule mbili za sekondari. Katika ya kwanza, maabara imetumika miaka mitatu bila taarifa yoyote ya ajali. Katika ya pili, mwalimu wa kemia ameandika barua nne kwamba bomba halitoi maji ya kumwoshea mwanafunzi atakayerukiwa na asidi. Mwishowe akaifunga maabara wiki mbili mpaka bomba likatengenezwa. Kwenye karatasi, shule ya kwanza ni hodari na mwalimu wa shule ya pili ni mgomvi. Cheti kinakwenda wapi? Wanaolijua jibu hawahitaji kutafutwa mbali.

Na yapo madhara ambayo daftari la ajali halina hata safu ya kuyaandikia. Vumbi la mawe huweza kukaa mapafuni mwa mchimbaji miaka kumi au zaidi kabla ya kikohozi kumwangusha. Sikio la fundi wa mashine za kufuma hufa taratibu, na siku linapokufa hakuna king'ora kinacholia. Kiwanda kinaweza kupokea ngao mwaka baada ya mwaka huku kikizalisha viziwi.

Sheria ya nchi imekwenda mbele kuliko sherehe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA, inataka wawepo wawakilishi wa usalama na afya watakaokagua mahali pa kazi na kupeleka malalamiko ya wenzao kwa mwajiri. Wazo hilo si geni hapa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulilaani majivuno, dharau na uonevu wa viongozi, na mfanyakazi akapata pa kusimama anapomwambia mkubwa wake kwamba mashine ni mbovu. Lakini mwakilishi aliyemo ndani ya faili tu, anayeogopa kufungua kinywa, ni kama mtungi wa kuzimia moto uliotundikwa ukutani bila kitu ndani.

Basi waamuzi wa tuzo waanzie hapo. Waombe daftari la ajali, naam, kisha waombe na daftari la taarifa: kasoro ngapi ziliripotiwa, na akina nani, ngapi zilitengenezwa, na kwa siku ngapi. Daftari hilo likiwa tupu katika kiwanda chenye watu mia nne, kiwanda kipunguziwe alama. Waulize ni lini masikio na mapafu ya wafanyakazi wa siku nyingi yalipimwa. Na fomu ya maombi isiwe na sahihi ya meneja peke yake; mwakilishi wa wafanyakazi naye atie yake, baada ya kuisoma fomu hiyo yote meneja akiwa nje ya chumba.