Namba Iliyoaminiwa Miaka Mia Mbili

Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi habari za namba moja kubwa, iliyowadanganya watu wengi wenye elimu.

Kwanza tukumbushane jambo. Mtu mwenye maembe 12 aweza kuyapanga safu 3, kila safu maembe 4. Lakini akiwa na maembe 13, hawezi kuyapanga katika safu zilizo sawa, ila ayaweke yote safu moja. Namba kama 13, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, huitwa namba tasa.

Sasa twaeni 2 tatu, mzizidishe pamoja: mtapata 8. Toeni 1, hubaki 7, nayo ni tasa. Zidisheni 2 tano, mtapata 32. Toeni 1, hubaki 31, nayo pia ni tasa. Je, ni hivyo daima? Sivyo. Zidisheni 2 kumi na moja, mtoe 1, hubaki 2047. Nayo ni 23 mara 89.

Mwaka 1644 mtawa mmoja wa Ufaransa, jina lake Marin Mersenne, alitoa orodha ya namba za namna hii alizosema kuwa ni tasa. Mojawapo ilikuwa ile ipatikanayo kwa kuzidisha 2 sitini na saba, kisha kutoa 1. Namba yenyewe ni 147,573,952,589,676,412,927. Mersenne alikuwa mtu mwenye sifa, na kuipima namba ya tarakimu 21 si kazi ndogo. Basi neno lake likadumu zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kwa kanuni yake kwamba namba hiyo si tasa. Lakini vigawanyo vyake hakuvipata. Alikuwa kama mtu atikisaye nazi, akajua kuwa ina maji, ingawa hajaivunja.

Aliyeivunja ni Frank Nelson Cole, mwalimu wa hesabu wa Marekani. Mwezi wa Oktoba 1903 alisimama mbele ya wenzake mkutanoni. Husimuliwa kwamba hakutamka neno. Upande mmoja wa ubao alizidisha zile 2 zote sitini na saba, akatoa 1. Upande wa pili akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha hatua kwa hatua. Majibu mawili yakawa sawa, tarakimu kwa tarakimu. Akarudi kuketi, nao wakampigia makofi. Yasemekana kuvitafuta vigawanyo hivyo kulimchukua Jumapili za miaka 3. Siku hizi kompyuta huvipata kufumba na kufumbua.

Basi, katika hesabu jina kubwa la msemaji si ushahidi. Kutafuta kulikuwa kazi ya miaka, lakini kuhakikisha ni kazi ya mwanafunzi yeyote ajuaye kuzidisha. Kwa hiyo msituamini hata sisi. Twaeni karatasi, mzizidishe namba zile mbili wenyewe, mwone.