LORI KUKATAA KUWAKA: STATA HAITANUNULIWA

(Maelezo ya Kamati ya Usafirishaji mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa faida ya wale waliokuwa mashambani.)

Ndugu Wanachama,

Mkutano uliopita mlituuliza: stata ya lori inunuliwe mpya au isinunuliwe? Na kila mwanachama akatwe fedha au asikatwe? Leo tumekuja na jibu. Isinunuliwe, na asikatwe mtu. Lakini haitoshi kusema hivyo tukakaa chini. Fedha ni zenu na lori ni lenu, kwa hiyo tutaeleza tulivyopima, ili siku nyingine mtu akija kusema "stata imekufa" mumuulize maswali.

Hali mnaifahamu. Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze, asubuhi lori haliwaki. Watu wanatolewa mashambani kuja kusukuma. Viazi vinakaa ghalani vinasubiri. Dereva akifika mjini anaogopa kuzima injini, basi dizeli inaungua bure sokoni kutwa nzima. Na ile siku lori liliporudi nyuma kwenye mteremko wa ghala, kijana wetu mmoja aliponea chupuchupu. Fundi mmoja wa mjini aliitwa, akasikiliza mara moja, akasema ni stata. Hakufungua nati hata moja.

Sasa, stata (wengine mnaiita selfu) ni mota ya umeme inayozungusha injini mpaka injini ijizungushe yenyewe. Injini ya dizeli haina plagi za kuchoma mafuta kama ya petroli. Hewa ikibanwa kwa nguvu ndani ya silinda inapata joto, na joto hilo ndilo linalochoma dizeli. Stata ikizungusha polepole, joto halitoshi, na injini haiwaki hata ungesubiri mpaka jioni. Baridi nayo inaongeza taabu: oili inakuwa nzito, na betri inapungua nguvu.

Kazi hiyo inakula umeme mwingi mno, mamia ya ampea. Umeme huo unatoka betri kwa kebo nene, unaingia kwenye solenoidi, yaani ile swichi kubwa iliyopanda juu ya stata, halafu unaingia stata yenyewe. Lakini jamani, umeme lazima urudi! Unarudi kwa mwili wa injini, unapita waya wa ethi kwenda kwenye chesisi, kisha unafika upande wa hasi wa betri. Watu wengi huangalia njia ya kwenda tu, ya kurudi hawaitazami. Ni kama mpira wa maji: ukiukanyaga popote, mwishoni maji yanadondoka tone tone.

Kwanza tulisikiliza. Sauti inasema mengi. Ikilia ta-ta-ta-ta haraka haraka, mara nyingi betri ni dhaifu au kiungo kimelegea. Ikilia "tak" moja halafu kimya, tazama solenoidi na kaboni za stata. Ikizunguka kwa kelele na injini haitikisiki, basi bendiksi, ile gia ndogo inayotoka kushika meno ya flaiwili, haishiki. Kama inashika siku moja na siku nyingine inasaga, meno ya flaiwili yameliwa mahali pamoja. La kwetu lilikuwa linazunguka kwa uzito, kama mtu mgonjwa.

Kisha betri. Lori letu ni la volti 24, betri mbili za volti 12 zimeungwa pamoja. Tulipima kila moja peke yake, maana mbovu moja inaiangusha nzima. Betri iliyojaa na kupumzika inaonyesha volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Zetu zote mbili zilisoma 12.5. Nzuri.

Hapo ndipo penye siri ya kazi yote: kupima wakati stata inafanya kazi. Kebo mbovu ukiipima imetulia itakudanganya, itaonyesha volti zote. Dereva alivuta kamba ya kuzimia injini ili isiwake, akazungusha stata kwa sekunde chache. Betri zikashuka mpaka 22. Hiyo haina ubaya. Zingeshuka chini ya 19 tungezishuku. Lakini kwenye stata yenyewe, kati ya nati yake kubwa na mwili wake, mita ilisoma 17. Jamani, volti tano zimekwenda wapi?

Tukapima kebo ya kwenda, kutoka chanya ya betri mpaka nati ya stata: 0.4. Kebo moja isizidi nusu volti, kwa hiyo hiyo ni nzima. Tukapima njia ya kurudi, kutoka mwili wa injini mpaka hasi ya betri: 4.6. Mwizi huyo!

Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo haigusani na chesisi sawasawa. Kinachoiunganisha ni mkanda mmoja wa waya za shaba, chini kabisa, panapopigwa na matope. Zaidi ya nusu ya nyuzi zilikuwa zimekatika, na chini ya bolti kulikuwa na kutu na rangi. Aliyegusa bolti ile baada ya kuzungusha stata alitoa mkono haraka: pale umeme unapobanwa hupageuza moto. Hata asiye na mita anaweza kutafuta hivyo, kwa kugusa viungo kimoja kimoja.

Tuliweka kebo nene mpya yenye vichwa vya shaba, tukasugua chuma mpaka kikang'aa, tukakaza, tukapaka grisi juu yake. Vichwa vya betri tuliviosha kwa maji ya moto na magadi. Asubuhi iliyofuata, baridi ikiwa ile ile, lori liliwaka bila mtu kusukuma.

Stata tuliifungua vilevile, maana baadhi yenu mlisema ikigongwa kwa mpini wa nyundo huwa inaamka. Kweli, hiyo ni dalili ya kaboni kwisha. Zilikuwa fupi, tukanunua seti mpya, bei yake si kitu mbele ya stata nzima. Shaba inayosuguliwa na kaboni tuliisafisha kwa msasa laini wa karatasi. Bushi bado hazijalegea.

Mambo ya hatari tunayasema bila kuzunguka. Kabla ya kushika spana, fungua hasi ya betri kwanza, na wakati wa kurudisha iwe ya mwisho. Usilete sigara wala kibatari karibu na betri, hewa yake inalipuka. Na ule mtindo wa utingo kulala chini ya lori na kuunganisha stata kwa bisibisi, tumeupiga marufuku. Gia ikiwa imeingia, lori linaondoka na wewe uko mbele ya gurudumu.

Tangu sasa dereva asizungushe stata zaidi ya sekunde 15 kwa mara moja, kisha apumzike dakika moja au mbili, maana stata inaungua kwa joto. Mjini azime injini. Kila Jumamosi atazame maji ya betri na kukaza viungo, utingo akiwepo ajifunze. Mita ya volti inakaa kwa mtunza ghala, itatolewa kwa kusaini daftari.

Waliokwisha kutoa mchango wa stata wafike kwa mweka hazina na stakabadhi zao, warudishiwe.

Kamati ya Usafirishaji